Je, Dawa za Pumu Hurudisha Njia za Hewa Zilizokwisha Kuharibika?

Mtu aliyeishi na pumu kwa miaka mingi, kama mimi, hufika mahali akataka kujua kama dawa zinarekebisha mapafu au zinamtuliza tu. Kwa ninavyoelewa, hurekebisha kwa sehemu, kutegemea ni nini hasa kinachobana pumzi. Misuli iliyojikaza hulegezwa na salbutamoli kwa dakika chache, na uvimbe pamoja na kohozi zito hupungua kwa wiki kadhaa za steroidi ya kuvuta. Kazi ipo kwenye umbo lenyewe la njia ya hewa: tabaka lililo chini ya utando wake huwa nene, misuli huongezeka, na tezi za kohozi huzidi.

Hapo ndipo matumaini yangu hupungua. Katika CAMP, utafiti wa tiba ya pumu ya utotoni uliochapishwa mwaka 2000, watoto 1,041 wa miaka 5 hadi 12 walifuatiliwa kwa miaka 4 hadi 6. Waliotumia budesonidi, ambayo ni steroidi ya kuvuta, walilazwa hospitalini mara chache zaidi, lakini mwishowe nguvu ya mapafu yao, iliyopimwa baada ya kuvuta dawa ya kufungua njia, haikuwazidi waliopewa dawa bandia.

Hata hivyo, kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwavutisha watu wenye pumu hafifu metakolini, kemikali inayobana njia za hewa bila kuleta uvimbe wa mzio, na kwa siku chache tu tabaka lile likawa nene. Waliotangulia kuvuta salbutamoli hawakupata badiliko hilo. Kumbe kubanwa kwenyewe kunaumiza! Kwa hiyo kuzuia mashambulizi si starehe tu.

Kwa wenye pumu kali, mwaka 2010 Marekani iliidhinisha tiba ya kupasha joto kuta za njia za hewa, ambayo ilipunguza misuli iliyozidi, ingawa iliwafaa wachache.

Nina shaka na hukumu ya haraka kwamba mapafu "hayatarudi" kuwa kama zamani. Kwenye spirometria, kipimo cha nguvu ya mapafu, unapuliza kwa nguvu hadi pumzi iishe, unavuta salbutamoli, unasubiri dakika 15, kisha unapuliza tena. Kiwango kikibaki chini, huenda bado ni uvimbe usiotibiwa. Ningeomba kipimo hicho kirudiwe baada ya miezi michache ya steroidi inayovutwa kila siku, kwa namna iliyo sahihi.