Binti, Unaumwa?

Nilikuwa nimelala chali juu ya khanga, pembeni ya barabara ya Sokoine, kamera imeniziba uso, niliposikia sauti ya mtu mzima juu ya kichwa changu.

"Binti, unaumwa?"

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka 2017. Posta, katikati ya Dar es Salaam, siku ya Jumapili ni mji mwingine kabisa. Machinga hawapo, makondakta hawapo, kunguru ndio wenye mitaa. Ndiyo sababu niliichagua siku hiyo niyapige picha maghorofa pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yale yenye ghorofa 35, ambayo wiki nzima nilikuwa nayachungulia kwenye dirisha la daladala huku nimebanwa kwapani mwa mtu. Kamera nilikuwa nayo miezi minne tu. Nikon ya mtumba, nimeuziwa na dada mmoja aliyekuwa anahamia Mwanza, na lenzi yake ni moja, ya kuvuta kutoka milimita 18 hadi 55, yenye mkwaruzo pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Picha hakuna aliyenituma.

Tatizo ni kwamba ukisimama miguuni mwa jengo lile, haliingii lote kwenye picha. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jengo jingine, bado kichwa kimekatwa. Nikachuchumaa, bado. Mwisho nikaitoa khanga kwenye mkoba, nikaitandika, nikajilaza. Hapo likaingia lote, kuanzia mlangoni hadi juu kabisa, na nikajiona fundi.

"Siumwi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona umelala?"

Alikuwa mlinzi. Kavaa sweta la buluu katika joto la Dar, kirungu kakibana kwapani, na mkononi ana daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia napiga picha. Akauliza ya nani. Nikaonyesha juu kwa kidole. Aliangalia juu, akaniangalia mimi, akaangalia khanga yangu.

"Hebu nione."

Tumbo likanicheza. Mtu yeyote anayetembea na kamera katikati ya Dar anajua neno hilo linaishia wapi. Ikulu iko jirani, bandari iko mbele ya macho, na kila lango lina mlinzi mwenye sheria zake alizotoka nazo nyumbani. Mwezi mmoja kabla ya hapo, nje ya jengo jingine ambalo silitaji, nilisimamiwa mpaka nikafuta picha zote, na nilichokuwa nimepiga ni mbayuwayu waliotua kwenye waya.

Nikampa. Akaweka daftari chini, akavaa miwani, akafuta kioo cha kamera kwa mkono wa sweta. Akatazama kwa muda mrefu.

"Futa."

"Mzee, mimi sikupiga lango lenu, nimepiga..."

"Sijasema umekosa. Nimesema futa. Hulioni linavyoanguka?"

Nikasogea nikaangalia. Kweli, minara yote miwili ilikuwa imelala kwa nyuma, kuta zake zimesogeleana huko juu kama watu wawili wanaonong'onezana. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Kamera ukiielekeza juu, sehemu ya juu ya jengo iko mbali nayo kuliko ya chini, kwa hiyo inatoka nyembamba na mistari ya ukuta inakimbiliana. Kadiri unavyosogea karibu na kuinua zaidi, ndivyo linavyolala zaidi. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilidhani hayo malalo ndiyo utamu wenyewe wa picha.

Mzee akaniambia kwamba Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, alikuwa lindoni mitaa michache tu kutoka pale tuliposimama. Asubuhi ile ndipo lilipoporomoka lile ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililokuwa bado linajengwa. Watu 36 walikufa, na walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Nilikumbuka siku ile kwa redio tu. Yeye aliikumbuka kwa vumbi. Alisema mlio wenyewe hata hakuusikia sawasawa. Aliona vumbi linakunja kona linakuja upande wake kama gari, na nyuma ya vumbi watu weupe kichwa hadi mguu, wanatembea bila kusema.

"Tangu hapo jengo likiinama, hata kama ni kwenye picha, mimi silipendi," alisema.

Nikafuta. Siyo kwa kuogopa.

Aliponirudishia kamera aliniuliza kama nayataka maghorofa yote au hayo mawili tu. Kisha akaelekeza kirungu upande wa bahari. "Vuka ng'ambo. Mimi nakaa Kigamboni, nayaona kila ninapokuja kazini. Jua likitoka linayapiga usoni. Usiende jioni, jioni yanakuwa meusi kama masufuria."

Jumapili iliyofuata, kabla hakujapambazuka, nilikuwa kwenye pantoni na tiketi yangu ya shilingi 200. (Nauli hiyo ilipopandishwa mwaka 2012 ilizua kelele nyingi, na John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akawaambia wasioitaka wapige mbizi. Watu wa Kigamboni hawajausahau utani ule.) Nikateremka, nikatembea ufukweni mpaka nikapata mtumbwi uliopinduliwa, nikakaa, nikaweka viwiko juu ya magoti.

Mwanga ulianzia juu. Kwanza vioo vya ghorofa za mwisho, kama mtu kawasha taa chumba kimoja, kisha ukawa unateremka ghorofa moja baada ya nyingine, na mimi nateremka nao kwa jicho. Kutoka pale kamera haikuhitaji kuinua uso. Niliishika sawa na mstari wa maji, lenzi nimeivuta hadi 55, na kuta zikasimama wima zenyewe. Mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, walilojenga Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ambao zamani ulionekana wazi kwa wanaotoka baharini, ulikuwa hauwafikii majirani zake hata kiunoni. Nilipiga picha 60 hivi. Nyingi zilitikisika. Moja ilitulia.

Niliisafisha Kariakoo kwa shilingi 3,000, ukubwa wa karatasi ya A4, nikampelekea mzee ikiwa kwenye bahasha ya kaki. Alivaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ukuta wa mnara kuanzia chini hadi juu, kama fundi muashi anayepima timazi.

"Hili limesimama," alisema.

Kisha akaanza kutafuta kitu. Alitafuta muda, pua imekaribia kugusa karatasi.

"Lindo langu liko wapi?"

Halikuwepo. Jengo analolilinda ni la ghorofa sita, na lilikuwa nyuma, limefunikwa lote na mapacha. Nilianza kumweleza, huku nikijuta kwa nini sikuliwazia, lakini alininyamazisha kwa mkono. Kati ya minara ile miwili kulikuwa na upenyo, na ndani ya upenyo, doa jeusi lisilozidi punje ya mtama.

"Hilo tanki la maji ni letu."

Akavuta kalamu yenye uzi, akalizungushia doa lile duara kwa wino wa buluu, juu ya picha yangu, taratibu, ulimi nje. Kisha akafungua daftari la wageni katikati, akailaza humo, akaniambia nisaini.