Siku moja maishani mwangu: tunafunga shule kabla theluji haijaanguka

Saa 10:15 alfajiri

Kengele ya simu inalia nikiwa macho tayari. Kazi yangu ni kusimamia usafiri wa wanafunzi: mabasi 62, madereva wake, na vituo zaidi ya 400 ambako watoto husubiri. Leo mabasi yanatembea kama kawaida. Kilichoninyima usingizi ni kesho.

Utabiri mpya umetoka. Theluji itaanza saa 9 usiku wa kuamkia kesho, itakolea kuanzia saa 11, na haitapungua hadi saa 3 asubuhi. Sentimeta 10 hadi 18. Watu husikia hivyo wakaulizana kina chake. Mimi huangalia saa kwanza. Sentimeta 15 zikianguka jioni, magari ya kusukuma theluji yana usiku mzima wa kusafisha barabara. Sentimeta 4 zikianguka saa 12 asubuhi, watoto wakiwa wamesimama kando ya barabara gizani na magari yakiteleza mbele yao, hizo ndizo zinazonitia hofu.

Kuna mwaka tulingoja hadi alfajiri ndipo tuamue. Ujumbe ulitoka saa 11:40. Mama mmoja alikuwa ameshaingia kazini na simu yake iko kabatini. Binti yake wa darasa la pili akatoka mwenyewe, akafunga mlango, akaenda kituoni, akasimama dakika 45. Aliyemkuta ni dereva wa lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Aliniambia vidole vya mtoto vilikuwa vimekakamaa kwenye mkanda wa begi, ikabidi avifungue kimoja kimoja. Mtoto alipona vizuri. Lakini mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema tungoje, na sijasahau.

Saa 3:00 asubuhi

Watoto wote wamefika shuleni. Napita njia tatu ngumu kuliko zote, nikiwa na kipimajoto cha kupimia uso wa barabara. Hewa ina nyuzi 3, lami ina nyuzi 1. Kwenye daraja ni sifuri, pale maji yanapoganda. Daraja hupoa upesi kwa sababu baridi hulipitia juu na chini, halina udongo wa kulihifadhia joto. Ndiyo maana barabara inaweza kuwa na maji tu, ukafika darajani ukakuta barafu.

Hapo pia ndipo ugumu wa utabiri wa kesho ulipo. Milimita moja ya maji ya mvua hutoa takriban sentimeta moja ya theluji, na hewa ikiwa baridi sana na kavu inaweza kutoa hata mbili. Joto likizidi kwa nyuzi moja, theluji yote hiyo inakuwa mvua. Isitoshe, mvua ikitangulia huosha maji ya chumvi yaliyomwagwa barabarani mapema, na theluji inayofuata inakuta lami tupu.

Saa 5:00 asubuhi

Kikao kwa njia ya simu. Yupo mkurugenzi wetu wa elimu, wapo wenzetu wa wilaya jirani, watu wa barabara na mtaalamu wa hali ya hewa. Huyu mtaalamu namheshimu sana kwa sababu haongezi chumvi. Anaeleza kuwa kompyuta hurudia hesabu ileile mara nyingi, kila mara zikibadilisha kidogo mahali pa kuanzia, na hesabu nyingi za leo zinaelekea upande mmoja.

“Mkiniuliza ni sentimeta ngapi, siwapi namba moja,” anasema. “Mkiniuliza kama barabara zitateleza saa 12 asubuhi, jibu langu ni ndiyo.”

Mkurugenzi anauliza swali ambalo kila mmoja analo moyoni. “Na tukikosea?”

Mmoja anataja New York, Januari 2015. Shule zilifungwa, hata treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, kwa dhoruba iliyotarajiwa kuangusha sentimeta 60 au zaidi. Bustani ya Central Park, katikati ya jiji, ilipata kama 25. Watu walikasirika. Lakini kwenye kisiwa cha Long Island, mashariki mwa hapo, kuna sehemu zilizopita 60. Dhoruba ilikuwepo, ila ukingo wake ulisogea.

Mimi nataja Atlanta, jiji la kusini mwa Marekani, 28 Januari 2014. Theluji ilikuwa ya sentimeta chache tu, lakini ilianza wakati watoto wakiwa madarasani. Shule, ofisi na maduka vikawaachia watu karibu wakati mmoja. Barabara zikajaa, zikaganda, na magari ya chumvi hayakuweza kupenya. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni usiku ule, na wengine wakakwama ndani ya mabasi kwa saa nyingi.

“Mama,” namwambia mkurugenzi, “tukifunga kesho na jua likawaka, nitaomba radhi kwa kila mzazi, na kila mtoto atakuwa nyumbani kwake akinisikia.”

Amenyamaza kidogo. Kisha: “Saa 7 nataka neno la mwisho la mtaalamu. Likiwa hilihili, tunafunga.”

Saa 7:10 mchana

Neno ni lilelile. Tunafunga.

Saa hii tumeichagua kwa makusudi. Watoto bado wako madarasani: wataondoka na vitabu, dawa zao na miwani waliyoisahau kwenye madawati. Mzazi bado anaweza kuzungumza na bosi wake kabla ofisi hazijafungwa. Na jiko la shule linapata muda wa kufunga chakula cha kwenda nacho nyumbani, maana wapo watoto ambao mlo wa shuleni ndio mlo wao wa uhakika. Tukiamua alfajiri, hao wanashinda na njaa na hakuna anayejua.

Ujumbe naandika mimi. Rasimu niliyoletewa inaanza: “Kutokana na uwezekano wa hali mbaya ya hewa, huenda shughuli za masomo zikaathirika.” Naifuta yote. Mzazi anausoma akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Naandika: “Kesho shule zote zimefungwa. Hakuna basi litakalokuja. Taarifa ya kesho kutwa mtaipata kesho saa 8 mchana.”

Saa 8:30 mchana

Simu hazipoi. Bibi mmoja ananiambia, “Mwanangu, hebu chungulia dirishani, jua hili hapa.” Kweli lipo. Namweleza habari ya saa 9 usiku, ananisikiliza.

Baba mwingine analipwa kwa saa. Asipoenda kazini hapati kitu, na hana wa kumwachia watoto wawili. Anazungumza kwa upole, na upole wake unanichoma zaidi. Anauliza kama kesho kutwa tutafungua. Siwezi kumwahidi. Sina jibu linaloweza kumrudishia siku yake, na anayesema kufunga shule ni jambo jepesi hajawahi kupokea simu kama hii.

Saa 11:00 jioni

Mabasi yamerudi yote. Karakanani tunajaza matangi ya dizeli, tunatia dawa ya kuizuia isigande, tunayaegesha yakielekeza pua langoni. Halafu breki. Breki hizi ni za upepo, na upepo ukishindiliwa huacha maji ndani ya mitungi. Maji yakiganda kwenye vali usiku, asubuhi una gari la tani nyingi lenye breki usizoweza kuziamini. Fundi analala chini ya kila basi na kufungua koki: kinatoka kijito cheusi cha maji na mafuta, kinapiga chafya, kisha unafuata upepo mkavu. Anafunga, anasogea la pili. Shule zimefungwa, lakini kazi hii haingoji.

Saa 1:30 usiku

Mfumo unaonyesha familia 23 ambazo ujumbe haukuwafikia. Namba zimebadilika, simu zimezimwa, mmoja amehama. Tumebaki watatu ofisini, tunagawana orodha na kupiga moja moja. Saa 2:45 wamebaki tisa. Saa 3:20 wamebaki wawili. Mmoja tunampata kupitia kwa jirani yake.

Wa mwisho ni mzee anayelea wajukuu wawili mwishoni kabisa mwa njia ya 17. Namba yake haipo hewani. Nampigia dereva wa njia hiyo, naye hata hanisubiri nimalize. “Nyumba naijua, kaka. Naenda.”

Nakaa nikisubiri. Nje bado ni pakavu, mawingu yameanza kushuka.

Saa 4:10 usiku simu inaita. “Nimemkuta babu,” anasema dereva. “Watoto wameshalala. Amesema kesho hatawaamsha.”