Admirali wa dakika 38

Juzi nilikuwa pale bandarini nasubiri boti ya kwenda Unguja, imechelewa na hakuna anayekwambia kitu, nikanunua zangu mihogo ya kukaanga na pilipili ya kutosha nikajibanza kwenye kivuli. Pembeni kulikuwa na kijana anatembeza watalii, anawapigia stori kwamba vita fupi kuliko zote duniani ilipigwa Zanzibar, dakika 38 tu! Wazungu wakacheka, na yeye akacheka. Mzee wa kanzu aliyekaa jirani yangu akasonya.

"Mbona hawaambii na waliokufa?"

"Shikamoo mzee. Kwani walikuwa wengi?"

"Marahaba. Upande wa Sultani kama mia tano, waliokufa na waliojeruhiwa. Waingereza aliumia baharia mmoja, na akapona."

Aisee. Mimi hizo dakika nazijua tangu shule lakini sijawahi kujiuliza nani alikuwa bosi wa zile manowari za Waingereza zilizopiga, basi nikaingia kwenye simu hadi chaji ikabaki kidogo.

Jamaa anaitwa Harry Rawson. Kazaliwa 1843 Uingereza, kaingia jeshi la majini 1857 akiwa na miaka 13, yaani mtoto wa darasa la saba, na hajakaa sawa yuko vitani China. Mwaka 1878 ndiye aliyepandisha bendera ya Uingereza Nicosia kule Cyprus, 1882 yuko Misri, vita tena. Mpaka 1895 ni admirali, kapewa kuongoza meli za kivita za Uingereza za Cape, kule Afrika Kusini, na pwani ya Afrika Magharibi, na huku kwetu ndo akaja kufanya mambo.

Maana hebu cheki: Agosti 1895 kashusha askari wakaenda kuvunja ngome ya Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Mazrui aliyeasi, kule Mwele, bara ya Mombasa. Agosti 1896, Zanzibar. Februari 1897 yuko Benin, ule ufalme wa zamani ulioko Nigeria ya leo, mji ukachukuliwa, ukaungua, na zile sanamu za shaba zikabebwa Ulaya ambako mpaka leo watu wanadaiana. Miezi kumi na nane tu hiyo! Wengine miezi kumi na nane hatujamaliza hata msingi wa nyumba.

Ya Zanzibar yenyewe ilikuwa hivi. Sultani Hamad bin Thuwaini kafariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila kuwauliza Waingereza ambao walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Rawson akafika na meli yake St George akakuta nyingine zimeshajipanga mbele ya kasri, Khalid kapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera. Hakushusha. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na kasri sehemu kubwa ilikuwa ya mbao. Hizo dakika wengine wanahesabu 38, wengine 45, mimi naona ni kubishania saa wakati nyumba inaungua.

Kilichonichekesha kwa uchungu, huyo Hamoud alipokaa kwenye kiti akampa Rawson nishani. Lazima ampe, angefanyaje.

Mzee akanichungulia simu, akasema, "Na huyo Khalid alikuja kuteremkia hapa hapa Dar." Kweli bwana! Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akakaa humo mpaka tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ikasogezwa hadi mlangoni, akaingia bila kukanyaga ardhi ya Unguja, Wajerumani wakamleta huku. Akaishi Dar miaka mingi hadi vita kuu ya kwanza, Waingereza wakamkamata wakamtupa Seychelles na St Helena, mwisho akafia Mombasa 1927.

Rawson yeye aliendelea kupanda tu, akaongoza meli za kivita za Channel, ule mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, 1902 akapewa ugavana New South Wales kule Australia, akastaafu 1909, akafa London 1910.

Boti ikaja. Tulipokaribia Unguja nikawa natazama maji ya mbele ya Forodhani, maana siku ile waliizamisha na Glasgow, meli ya Sultani, ikakaa chini milingoti imechomoza juu ya maji. Haikuondolewa mpaka 1912. Admirali ameshazikwa miaka miwili, milingoti bado iko pale.