Usiku wa Vumbi la Halley Ufukweni Kayenze

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuandama, na hizo ndizo siku ambazo wavuvi wa dagaa na mimi tunazisubiri kwa hamu ileile, kila mmoja kwa sababu yake: wao wanataka giza ili dagaa wafuate taa zao, nami nalitaka ili nione vimondo hafifu ambavyo mbalamwezi huvifuta. Manyunyu ya vimondo yaitwayo Eta Akwaridi hufikia kilele karibu na tarehe 6 Mei kila mwaka. Safari hii kilele kiliangukia ndani ya giza, kwa hiyo jioni nikatoka mjini kwenda Kayenze, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ambako mng'ao wa taa za Mwanza hubaki chini upande wa kusini na anga ya mashariki huwa nyeusi.

Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta, nathubutu kusema haya ni manyunyu yetu. Kaskazini mwa Ulaya kitovu chake, yaani ile sehemu ya anga ambako vimondo vyote huonekana kama vinatokea, huchomoza kukiwa karibu kupambazuka, na waangalizi wa huko huambulia vichache sana. Hapa kwetu huchomoza kama saa nane na nusu usiku na kupanda karibu wima, hata weupe wa kwanza unapojitokeza saa kumi na moja na nusu kimeshafika nusu ya njia ya kwenda utosini. Vumbi lenyewe lilitoka kwenye nyotamkia ya Halley, iliyopita karibu na Jua mara ya mwisho mwaka 1986 na inayotarajiwa kurudi mwaka 2061, ingawa chembe tunazoziona sasa iliziacha karne nyingi zilizopita. Huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde na kuteketea kilomita 100 hivi juu yetu, na nyingi hazizidi punje ya mchanga. Sijawahi kuiona Halley, na huenda nisiione kamwe. Vumbi lake ndilo fungu langu, na nalipokea kwa moyo wote.

Nilijilaza chali juu ya jabali lililokuwa bado na joto la mchana, huku umande ukilowesha blanketi. Mkononi nilikuwa na ubao mdogo, karatasi na penseli, na tochi niliyoifunga nailoni nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza, ambao huchukua karibu nusu saa kujengeka na huvunjwa na simu kwa sekunde moja. Huandika bila kutazama: kidole gumba hukaa pembeni mwa karatasi kwenye mstari unaofuata, na kila kimondo hupata saa, daraja la mng'ao na alama ya kuonyesha kama kimetoka kwenye kitovu au ni cha kupita tu. Saa huandikwa kwa majira ya kimataifa, kwa hiyo saa nane na nusu ya usiku wetu huwa 23:30 ya tarehe iliyotangulia, jambo linalotaka uangalifu mtu anapopambana na usingizi.

Nusu saa ya kwanza ilileta kimondo kimoja tu, lakini kimondo gani! Kitovu kikiwa bado kwenye upeo wa macho, chembe huingia zikiparaza juu ya hewa badala ya kuichoma moja kwa moja. Hicho kilichomoza upande wa mashariki, kikapita chini ya nyota ya Altair bila haraka na kwenda kuzimikia karibu na kundinyota la Ng'e, kikiacha nyuma yake mstari uliong'aa kwa sekunde kadhaa. Nilijikuta nimesimama.

Kisha mawingu yakaja. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za pwani zote huelekea ziwani na kukutana huko, hewa yenye unyevu hupanda na radi huzaliwa katikati ya Ziwa Victoria wakati watu wamelala. Umeme ulimulika kaskazini-magharibi, wingu likatanda, na lilipozidi sehemu ya tano ya anga niliyokuwa nikiitazama nikaandika saa na kufunga hesabu. Hapa ndipo ninapoiheshimu zaidi kazi hii. Shirika la Kimataifa la Vimondo, lililoanzishwa mwaka 1988, huunganisha taarifa za waangalizi wa nchi mbalimbali kukadiria ni vimondo vingapi mtu angeviona kwa saa kama anga lingekuwa safi na kitovu kingekuwa utosini, na hesabu hiyo huanguka mara moja ikiwa mtu ataficha dakika zake za wingu au nusu saa zake tupu. Kutoona kitu chini ya anga safi nako ni kipimo, na huandikwa kama kimondo king'avu kinavyoandikwa.

Anga ilifunguka baada ya dakika 40, na kuanzia saa kumi vimondo vilifuatana vizuri, vya haraka, vingi vikiacha mistari.

Mitumbwi iliporejea nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishusha taa zake za sola.

“Marahaba, mwanangu. Umepata ngapi?”

“Kumi na tisa vya Halley, mzee, na sita vinginevyo.”

“Vingi huja tukivuta nyavu za mwisho,” akasema. “Tangu ujana wangu naviona hivyo.”

Nilimweleza kwamba ameona sawasawa: alfajiri upande wetu wa Dunia ndio unaotangulia katika mwendo wa kulizunguka Jua, hivyo hupokea vumbi kwa mbele. Akaitikia kwa kichwa, akamwita mjukuu wake aje kusikiliza.

Fomu nimeituma ikiwa na nusu saa yake ya kimondo kimoja, na dakika za wingu nimezitoa kwenye muda wa kuangalia. Karibu na tarehe 21 Oktoba Dunia itapita tena katika vumbi la Halley, katika manyunyu ya Orioni, na mjukuu yule ameomba tuwe wote jabalini. Nitaanza kwa kumfundisha kukadiria mng'ao kwa kulinganisha na nyota. Karatasi yake atakuwa nayo mwenyewe, kwa sababu hesabu za watu wawili hazichanganywi.