Na mwizi wa redio je?

Katika siné za video za Kadutu, hapa mjini Bukavu, polisi wa filme ya Kihindi akianza kupiga, watu wanasimama juu ya mabenchi. Nami nimesimama sana. Amitabh Bachchan katika Zanjeer ya mwaka 1973 ni inspekta ambaye wazazi wake waliuawa akiona, angali mtoto. Anamsaka muuaji, na ukumbi mzima unamsaka pamoja naye.

Ardh Satya sikuwahi kuiona huko. Yaya, kaka yetu mkubwa, ndiye aliyeileta kwenye flashi, tukaitazama kwenye laptopu usiku umeme uliporudi. Ni filme ya Govind Nihalani ya mwaka 1983. Om Puri ni Anant Velankar, inspekta mdogo wa Bombay, na kinachomla yeye ni fedheha. Baba yake, polisi vilevile, alimlazimisha kuvaa sare wakati mwenyewe alitaka kuendelea na masomo. Utotoni alimwona baba huyo akimpiga mama, asiweze kitu. Sasa ni mtu mzima mwenye cheo, lakini akiwakamata vijana wa Rama Shetty, shefu wa majambazi, simu inapigwa kutoka juu, wanaachiliwa. Akimkamata jambazi hatari, sifa anapewa mwingine.

Kuna pahali Jyotsna, mwalimu wa chuo anayempenda (ni Smita Patil), ana kitabu cha mashairi, na Velankar anakichukua kumsomea. Anaanza kwa mchezo tu. Mstari kwa mstari sauti inazidi kuwa nzito, tabasamu linamkauka usoni. Shairi ni la Dilip Chitre: mtu ameingia katikati ya mzingo wa maadui, na mbele yake kuna mizani, upande huu unyonge, upande ule uanaume. Mimi nafundisha Kifaransa hapa Ibanda, mashairi ndiyo kazi yangu, na sijaona mtu akipigwa na shairi namna ile.

Kisha inakuja ile redio. Mtu anashukiwa ameiiba, analetwa kituoni. Velankar ameshazama katika pombe, na hasira yote aliyoshindwa kumtolea Shetty anaimalizia kwenye mwili wa huyo mtu mpaka anakufa. Ukiitazama, huna pa kushangilia.

Ili asiadhibiwe kwa kifo hicho inambidi aende kwa Shetty mwenyewe kuomba msaada. Shetty, ambaye sasa yumo katika siasa, anataka kumfanya mtu wake. Velankar anamuua palepale, halafu anaenda kujisalimisha.

Yaya alipiga makofi. «Akteri amemaliza shefu wa majambazi, wewe unasikitika nini?»

«Na mwizi wa redio je?»

«Huyo ni mwizi tu, mama.»

Tuligombana, na hatujaacha. Hapa kwetu mwizi akipigwa barabarani tunasogea kutazama, na polisi mwenye mkono mzito tunamwita mwanaume. Mimi siwezi tena. Velankar angemfuata Shetty mapema, hata mimi ningesimama juu ya kiti. Lakini alianza na mnyonge, kwa sababu mnyonge hana simu ya kupigiwa kutoka juu, na kifo cha Shetty hakimlipi mtu yule chochote.

Juzi tuliirudia kwa ajili ya shemeji. Ilipofika redio, Yaya akairuka. Nikamnyang'anya laptopu, nikairudisha nyuma, akaitazama yote.