Daftari la madeni lililotutoa Juba: uzoefu wangu wa Julai 2016

Idd ilikuwa Jumatano, tarehe 6 Julai 2016, na kesho yake usiku risasi zikaanza Gudele, mtaa mmoja wa Juba. Ijumaa zikasikika upande wa Ikulu. Jumamosi, siku ambayo Sudan Kusini ilikuwa inatimiza miaka 5 ya uhuru, mji ulinyamaza kabisa, kisha Jumapili na Jumatatu vita vikaja kwa vifaru na helikopta, nasi tukalala chini sakafuni mpaka jioni ya Jumatatu, Rais Kiir na makamu wake Machar walipotangaza kusimamisha mapigano. Naandika haya kwa sababu kila vita vinapozuka mahali penye Waganda, napigiwa simu na mtu mwenye ndugu aliyekwama huko, na nimechoka kusikia watu wakipewa ushauri uleule mbaya ambao nusura utumalize sisi.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, Uganda. Nilikuwa na duka la unga wa mahindi katika soko la Konyo Konyo, na nilipanga chumba katika ua mmoja pamoja na Waganda wengine: fundi cherehani wa Masaka na mkewe, vijana wa bodaboda kutoka Mbale na Iganga, akina mama waliouza matoke na nyanya. Wengine walikimbilia kwetu siku ya Jumapili, hata tukafika watu 23, watoto wakiwa 6.

Vita vya kwanza, vile vilivyoanza tarehe 15 Desemba 2013, vilinikuta Juba pia. Wakati ule nilifunga duka, nikaacha magunia yangu yote ya unga, nikakimbia na paundi za Sudan Kusini nilizozifunga kiunoni. Magunia yaliporwa, na zile paundi nilizozitunza kwa uchungu mwingi ziliendelea kupungua thamani, mpaka Desemba 2015 serikali ilipoacha kushikilia bei ya dola, na dola moja iliyokuwa haifiki paundi 3 ikapanda kupita paundi 18 kwa siku moja. Nilijiapiza kwamba sitakimbia tena na karatasi za nchi inayopigana.

Kwanza niseme tulivyokosea. Jumanne asubuhi, tarehe 12, kijana mmoja wa soko alituambia kwamba mwenye akili haisubiri serikali, na kwamba barabara ya Nimule, mji wa mpakani na Uganda, iko wazi kwa anayewahi. Mwingine alisema twende uwanja wa ndege tukasimame getini, wakati ndege za abiria zilikuwa zimesitishwa na nauli ya ndege ya kukodi hakuna kati yetu aliyekuwa nayo. Nilikataa habari ya uwanja wa ndege, lakini ile ya barabara niliikubali, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa watu walinifuata mimi. Tulipata dereva mwenye gari dogo la abiria aliyetoza karibu mara nne ya nauli ya kawaida, malipo kabla ya safari, tukaingia watu 11 na kuwaacha wenzetu wasubiri zamu ya pili.

Tulivuka daraja la Nile bila kuulizwa neno. Baada ya Gumbo, mtaa wa ng’ambo ya daraja, tukakuta kamba imefungwa barabarani kati ya pipa na kiti cha plastiki, na vijana wenye silaha wakatuteremsha wote. Walichukua simu tatu na mfuko wa nguo za Idd za watoto. Mmoja alifungua simu ya kijana wetu wa bodaboda akakuta picha ya kifaru aliyoipiga kutoka dirishani, na hapo sauti zikapanda, wakamtenga pembeni na kumpigisha magoti. Kinubi chetu cha Bombo na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa karibu, wasemaji wake huelewana, nami nikaanza kumsihi mzee mmoja aliyekuwa nao. Aliniuliza Kiarabu hiki nimekitoa wapi. Nikamwambia wazee wetu walitoka pande hizi na askari wa Emin Pasha, gavana wa zamani wa pande hizo, wakachukuliwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891, nasi tukazaliwa Uganda. Alinitazama kwa muda, akamrudisha kijana wetu, akaniambia: “Mwanangu, rudi nyumbani. Mbele hapa siwezi kukujibia.” Dereva alitushusha darajani na kuondoka na nauli yote. Tulitembea mpaka nyumbani na watoto migongoni, katika barabara ambayo siku za kawaida huwezi kuivuka kwa wingi wa bodaboda.

Mzee yule simjui jina, nami humwombea dua.

Jioni hiyo niligeuza daftari langu la madeni nyuma mbele, nikaanza ukurasa wa mwisho kuandika watu. Kila mmoja nilimwandika jina kama lilivyo katika kitambulisho chake cha taifa, namba ya kitambulisho, wilaya na kijiji, simu ya ndugu mmoja aliye Uganda, na hali yake: mjamzito, mwenye pumu, mtoto asiye na mzazi hapa. Mtu asiye na kitambulisho nilimwandika jina la mwenyekiti wa kijiji chake, ili kama kuna shaka kuwe na mtu wa kupigiwa. Nilipiga picha kurasa mbili zile na kuzituma kwa kaka yangu Bombo, naye akazipeleka Kampala mkononi na kupiga simu kwa ndugu za kila mtu. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumepiga simu ofisi moja mara nyingi tukiwa tunalia, tukiambiwa tutulie. Nilipopiga tena na kusema “tuko 23, watoto 6, mjamzito mmoja, tuko mahali fulani, na majina haya hapa,” aliyepokea aliomba nisome polepole, nikamsikia anaandika. Kwa hiyo mwenye ndugu aliyekwama namwambia hivi: usimwambie apige simu kuomba msaada tu, mwambie apige akiwa na orodha.

Simu tulizizima zote isipokuwa moja, tukipokezana, na picha zote za askari, bendera na moto zilifutwa mbele ya macho yangu. Fundi wetu wa Masaka alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alikata vipande vya kitambaa cheupe, akaandika kwa kalamu ya wino jina la mtoto na namba ya simu ya Uganda, akavishona ndani ya kola za watoto wote 6 kwa mkono, kwa sababu cherehani ingepiga kelele usiku. Kola ya mtoto wa mwisho aliishona kwa mwanga wa simu niliyokuwa nimeishika, na mkono wake haukutetemeka.

Sasa habari ya unga. Dukani nilikuwa nimebakiwa na magunia 17 ya kilo 50, ambayo vijana waliyahamishia nyumbani kwa zamu tangu Jumamosi ile ya kimya. Kuyauza kwa paundi ilikuwa ni kurudia kosa la 2013, na kuyaacha ilikuwa ni kuyagawia waporaji, kwani hata ghala kubwa la Mpango wa Chakula Duniani liliporwa siku zile. Jirani yangu wa ua wa pili, mama mmoja wa kabila la Wabari ambaye nyumba yake ilikuwa na watu wasiopungua 30 waliokimbilia kwake, alikuwa na vijana wawili wanaosoma Uganda kwa bweni, na ada yao aliiweka kwa mdogo wake Arua, kwa shilingi. Usiku wa Jumanne nilimwendea nikamwambia: “Mama, wewe una shilingi mahali ambapo huwezi kuzila, nami nina unga mahali ambapo siwezi kuubeba.” Alinishika mikono miwili kabla sijamaliza kusema.

Tulikubaliana magunia 14 kwa bei ya Arua. Bei ya Juba ya siku zile sikuitaja, maana nisingeweza kumtazama usoni tena. Mdogo wake angemtumia kaka yangu nusu ya fedha kwa simu mara moja, na nusu nyingine nikishavuka mpaka. Ilibaki kuupitisha unga bila mtu kuuona, kwa kuwa gunia moja likionekana njiani usiku huo huo mnavamiwa. Kati ya nyua zetu palikuwa na uzio wa mianzi. Vijana walikata kamba za mianzi minne chini tu, wakaiinua kama pazia, wakapitisha magunia kwa kuyaburuta juu ya shuka lililoloweshwa maji ili yasikwaruze, moja baada ya jingine, mpaka karibu saa tano usiku, kisha wakaifunga mianzi kama ilivyokuwa. Asubuhi nilifagia mwenyewe vumbi jeupe lililobaki chini. Alfajiri kaka yangu aliniandikia kwamba fedha imeingia, kama laki saba hivi. Magunia matatu yaliyobaki ndiyo posho, yaani ugali, tuliyokula sisi 23, na kilichosalia tulimwachia yule mama.

Alhamisi tarehe 14 tukasikia redioni kwamba msafara wa jeshi letu, UPDF, umevuka Nimule na malori na magari ya deraya, kuja kuwachukua raia. Brigedia Leopold Kyanda ndiye aliyeuongoza, na operesheni yenyewe iliitwa Okoa Wananchi. Siku iliyofuata tulielekezwa mahali pa kukusanyikia. Tulitoka alfajiri, wawili wawili, kila mtu na mfuko mmoja, viatu vya kufunga na chupa ya maji. Mwenzetu mmoja alilia kwa ajili ya friji yake, na nilimwelewa, maana alikuwa ameilipia kwa miaka miwili.

Watu walikuwa wengi kuliko nafasi, na kila mmoja alisukuma. Mimi niliwaketisha wangu chini kwa mistari ya watano watano, nikaenda na daftari kwa askari aliyekuwa anapanga watu, nikamwambia kwa Kiswahili: “Afande, shikamoo. Sisi ni 23, orodha hii hapa, watoto wana majina kwenye kola.” Aliangalia daftari, akageuza kola ya mtoto mmoja akaisoma, akamwita mwenzake. Waliita majina yetu kutoka kwenye ukurasa wangu, mmoja mmoja, na tukapanda lori moja wote pamoja, mjamzito akikaa mbele na dereva.

Barabara ile ya lami ya kilomita 192 kwa siku za amani ni mwendo wa saa tatu au nne. Sisi tulikwenda siku nzima, tukisimama mara kwa mara, tukiona magari yaliyochomwa kando ya njia, Nesitu, Aru, Pageri. Hakuna aliyeongea. Tulipofika Elegu usiku, upande wetu wa mpaka, wanawake walishuka wakalala kifudifudi kwenye lami. Tuliandikishwa, tukapewa chai, tukalala hapo hapo kwenye mifuko yetu.

Kesho yake tulipakiwa katika mabasi ya Kampala kupitia Atiak, Gulu na Karuma. Njia hiyo hupita Bombo, kwa hiyo baada ya Luweero nilimwomba dereva anishushe. Kaka yangu alikuwa amesimama kando ya barabara, na mkononi alikuwa na karatasi ya orodha yangu iliyochapishwa, imekunjwa mpaka imechakaa. Kabla hajanisalimia alipanda kwenye basi, akasoma majina kwa sauti, na kila aliyeitikia akamwekea alama ya kalamu, hadi jina la 22. Kisha akashuka, akaweka alama kwenye langu.