Jumanne saa nne asubuhi

Uvimbe niliugundua usiku wa Alhamisi, nikioga. Ulikuwa titi la kushoto, juu, upande wa kwapa, mkubwa kama gololi. Nikiusukuma kwa kidole unateleza, halafu unarudi palepale. Hauumi. Nilimaliza kuoga, nikavaa, nikarudi mezani kumalizia barua ya maombi ya mwezi ninayoliandikia kanisa lililonituma. Ilikuwa imebaki sehemu ya afya tu. Nikaandika, "Mimi ni mzima, namshukuru Mungu," nikaituma.

Naanzia kwenye barua hiyo kwa sababu ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Sindano nimeisahau, na ule usingizi uliokatikakatika nimeusahau. Lakini sentensi ile niliiandika vidole vyangu vikiwa bado vinakumbuka kile vilichokigusa.

Kwa siku kumi na moja sikumwambia mtu. Nilifundisha darasa la kusoma la kina mama kama kawaida, nikatembelea wagonjwa wawili, nikawaombea. Kila usiku nilijipapasa tena nikitumaini kitakuwa kimeondoka. Kisha nafungua simu na kusoma. Nilisoma takwimu za Shirika la Afya Duniani kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Maelezo hayohayo ya afya yanasema pia kwamba vivimbe vingi vya titi si saratani. Hilo macho yangu yalilipita haraka. Mtu mwenye hofu huchagua cha kusoma.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana, na sababu si moja. Mama yangu ni mjane, na siku ninaondoka alinishika mkono mpaka dakika ya mwisho bila kusema chochote. Sikutaka kumpa usiku kama ule wangu. Halafu nilihofia kamati ya misheni ikisikia itaniita nirudi. Darasa lilikuwa limefika mahali pazuri. Kulikuwa na wanawake watatu walioanza kusoma sentensi nzima bila kuongozwa, na nilijua nikiondoka hakuna wa kulishika. Ya tatu ni ngumu kuikiri. Nimezoea kuwa yule anayekuja na Biblia mkononi na kuketi kando ya kitanda. Sikujua namna ya kuwa yule aliyelala.

Wakati wa maandalizi ya utume tulisoma habari za wamisionari waliougua. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Julai ya mwaka huohuo Rosina alifariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa hiyohiyo. Mary, mke wa David Livingstone, alifia Shupanga kando ya mto Zambezi mwaka 1862. Wakati ule habari ya msiba ilisafiri kwa meli, miezi na miezi, kabla ya kufika kwa jamaa. Nililikumbuka hilo usiku mmoja nikiwa nimeshika simu ambayo ingemfikishia mama ujumbe kabla sijapumua mara mbili. Wale walitenganishwa na watu wao na bahari. Mimi nilitenganishwa na mama yangu na uamuzi wangu mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda zahanati. Hapo nilipata mshtuko nisioutarajia, wa lugha. Nina miaka minne nikiisema lugha ya watu hawa. Najua kusema neema, toba, upatanisho, ahadi. Naweza kuhubiri dakika arobaini. Lakini muuguzi aliponiuliza kama uvimbe ni mgumu au laini, kama unavuta ngozi, kama chuchu inatoa majimaji, nilibaki nimeduwaa. Maneno ya mwili sikuwa nayo. Nilijifunza lugha ya kuwapa watu kitu, sikujifunza ya kuomba msaada. Kama kuna anayesoma hapa na anajiandaa kutumwa, nakusihi: jifunze mapema kusema unaumwa wapi, tangu lini, na maumivu yakoje. Andika kwenye karatasi kundi lako la damu, dawa zinazokudhuru na magonjwa ya ukoo wenu, kwa lugha ya huko unakokwenda, na umkabidhi mtu mmoja unayemwamini.

Zahanati ilinipa barua ya kwenda hospitali, mwendo wa saa sita kwa basi. Nilihitaji mkalimani. Kijana mmoja wa kwaya anayejua lugha zaidi ya moja alikuwa tayari kunisindikiza, lakini nisingeweza kusema mambo ya titi langu kupitia kinywa chake. Ndipo nikalazimika kumwambia mtu wa kwanza. Nilimwendea mama mzee mmoja wa kanisa, ambaye mwaka juzi nilikaa naye wiki tatu mumewe alipokuwa mahututi. Hana lugha nyingine zaidi ya yake, lakini ananielewa hata ninapokosea, na anajua kuyarudia maneno yangu yakiwa yamenyooka. Nilimweleza kwa kumshikisha mkono pale penyewe. Akapapasa polepole, akaondoa mkono, akaniuliza, "Tangu lini, binti yangu?" Nilipomtajia siku, aliingia ndani akatoka na mfuko wa safari.

Hospitalini walianza na altrasaundi. Daktari alieleza kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka arobaini, nami nina thelathini na mitatu, nyama ya titi mara nyingi imeshikana sana na mamogramu, yaani eksirei ya titi, haioni vizuri, kwa hiyo kipimo hiki ndicho huanza. Uvimbe ulionekana kwenye kioo kama yai jeusi lililolala, milimita 22 kwa 14, kingo zake zimenyooka. Alisema kingo kama hizo ni dalili nzuri, ila picha peke yake haitoshi. Inabidi kuchukua kinyama kipelekwe maabara.

Nilitikisa kichwa kana kwamba nimeelewa yote. Nilikuwa na swali moja, na sikuthubutu kuliuliza. Yule mama mzee akaliuliza. Alimtazama daktari usoni na kutamka neno fupi ambalo sikuwahi kulisikia, na daktari akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza wanavyoiita saratani katika lugha ya utume wangu. Daktari alisema hawezi kusema ndiyo wala hapana mpaka majibu ya maabara yatoke. Mama akashukuru, akanifunga vizuri kitenge begani, kwa sababu kilikuwa kinateleza na mimi sikuwa na habari.

Kinyama kilichukuliwa Jumanne saa nne asubuhi. Walinichoma ganzi kwanza, ikauma kama kuchomwa na nyuki, halafu pakawa pazito. Sindano yenyewe ni nene na ndani ina springi. Daktari aliifyatua mara moja hewani ili nizoee mlio wake, kama stepla kubwa, na namshukuru kwa hilo. Ilifyatuka mara nne. Vipande vilivyotoka vilikuwa vyembamba kama uzi, vyeupe, akavidondosha kwenye kichupa cha fomalini, maji ya dawa ya kuvihifadhi. Nilivitazama vikizama. Niliwaza kwamba sasa kuna sehemu yangu itakayosafiri peke yake kwenda kusomwa, na nitakaa kusubiri wanionyeshe nilivyoandikwa.

Majibu yangechukua siku tisa. Hizo ndizo zilizokuwa ndefu. Maombi yangu yaliisha maneno siku ya pili. Nilikuwa nakaa tu, na wakati mwingine nasema "Bwana" na kuishia hapo. Siku ya nne, nikiandaa somo la Jumapili, nilifika Wafilipi sura ya pili, kwa Epafrodito. Nimepita pale mara nyingi, lakini safari hii nilisimama. Mtu huyu alitumwa na kanisa lake kwenda kumhudumia Paulo kifungoni. Akaugua huko, karibu kufa. Na Paulo anaeleza kwamba kilichomsononesha Epafrodito ni kwamba watu wa nyumbani walikuwa wamesikia anaumwa. Nilifunga Biblia. Hofu ya huyu ndugu naijua, maana ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba habari zake ziliwafikia, na Paulo hakuwaficha lolote: aliandika kwamba kweli aliugua, kweli alikaribia kufa, mpokeeni kwa furaha, mheshimuni. Na kwa Timotheo anataja, bila kuona aibu yoyote, kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Sijui nilitoa wapi wazo kwamba aliyetumwa akiugua ni siri ya kufunikwa.

Hata ile hofu ya kuitwa nyumbani, nikiitazama sasa, haikuwa na mizizi. Hudson Taylor, mmisionari wa China, alirudi Uingereza mwaka 1860 kwa sababu ya afya, na akiwa hukohuko ndiko, mwaka 1865, alikoanzisha China Inland Mission, shirika la kupeleka wamisionari China.

Majibu yalitoka Alhamisi. Fibroadenoma. Daktari aliandika neno lenyewe kwenye karatasi, akachora duara na kueleza: ni tezi na nyuzi za titi zilizokua kupita kiasi na kujikusanya, si saratani, si lazima kuutoa, lakini nirudi baada ya miezi sita upimwe tena kuona kama umekua. Nilimweleza mama mzee kwa maneno mabovu. Alipoelewa, aliketi sakafuni pale kwenye korido, akavua viatu, akanyoosha miguu. Ndipo nilipojua alivyokuwa amechoka siku zote zile.

Jioni ile niliandika barua mpya. Niliwaambia kwamba barua iliyopita haikuwa ya kweli, nikaeleza yote, nikaomba radhi. Baadhi walijibu kwa upole sana. Mmoja alinilaumu kwamba nimewanyima nafasi ya kuomba, na sina cha kumjibu, ni kweli.

Mama yangu sikutaka aisome kwenye barua. Nilimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako ina nini?"

Nikamweleza, nikianza na mwisho, kwamba ni mzima, ndipo nikarudi nyuma. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hiyo sindano ilikuwa siku gani?"

"Jumanne, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Jumanne saa nne nilikuwa naanika nguo." Halafu, polepole zaidi, "Nilikuwa naimba."

Sikuwa na la kusema. Tulilia wote wawili, yeye kwa sauti, mimi nimefunika mdomo.

Kipimo cha pili ni tarehe 14 mwezi wa tano. Mama ameiandika kwenye kalenda yake ya ukutani, na juzi alinipigia kuuliza ni saa ngapi.